Biharusi anayeyumba: tuzungumze kuhusu kifafa kabla ya ndoa



Ramadhani ikikaribia, kadi za harusi hurundikana mezani na kila mtaa una nyumba yenye hina. Ndio wakati mama wa biharusi anapolazimika kuamua mambo mengi kwa pamoja: ukumbi gani, biriani au pilau, wapambe wangapi. Katika nyumba nyingine kuna uamuzi mmoja zaidi, na huo hauzungumzwi sebuleni. Huzungumzwa chumbani, mlango umefungwa: mtoto wetu ana kifafa, je, tuwaambie au tunyamaze?

Sisi tunasema waambiwe, tena waambiwe mapema, kabla mahari hayajapokelewa. Lakini kabla hatujafika huko, kuna kitu kinachotuuma zaidi, nacho ni namna tunavyomhukumu msichana huyu kwa macho. Anatembea akiyumba. Mkono unamtetemeka anaposhika kikombe. Maneno yanamtoka mazito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mashoga wanatazamana. Mmoja atasema kapandwa na shetani, mwengine atasema kalishwa kitu, na aliye mkali wa ulimi atasema, astaghfirullah, kalewa.

Mara nyingi jibu liko kisogoni, na ndiyo maana leo tunaomba mtuvumilie tuingie kidogo ndani ya kichwa cha binadamu.

Weka kiganja nyuma ya kichwa chako, pale nywele zinapoishia juu ya shingo. Ndani ya hapo, chini ya ubongo mkubwa, pamelala kipande kinachoitwa ubongo mdogo. Madaktari hukiita serebela. Udogo wake ni wa umbo tu. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini watafiti wa Brazil waliohesabu seli za neva mwaka 2009 walikuta kwamba kati ya seli takriban bilioni 86 zilizomo katika ubongo wa binadamu, bilioni 69 zimo humo. Yaani seli nne katika kila tano ziko kisogoni, zimekunjwakunjwa kama mtandio mrefu uliosukumizwa kwenye kijisanduku. Subhanallah.

Kazi yake tuliyofundishwa skuli ni mizani ya mwili. Ubongo mkubwa ndio unaoamrisha mkono uende, huu mdogo ndio unaosahihisha njiani: punguza nguvu, geuka kidogo, simama sasa. Mchoraji wa piko anayevuta mstari mwembamba kutoka kidoleni hadi kiwikoni bila kukatika anautumia kuliko anavyodhani. Miaka ya karibuni imejulikana kuwa haufanyi hayo peke yake. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Boston walieleza jinsi watu walioumia ubongo mdogo wanavyopata pia shida ya kupanga mawazo, kutafuta maneno na kutawala hisia zao. Kwa hiyo huyu tunayemwona kayumba, huenda pia anachelewa kujibu, na huenda analia upesi. Wala hajadeka.

Tunalolitaka zaidi lieleweke ni kwamba ubongo mdogo umeunganishwa na kila pembe. Seli zake kubwa huitwa seli za Purkinje, kwa jina la mwanasayansi wa Kicheki aliyezieleza mwaka 1837, na kazi yao ni kuzuia. Ndizo zinazoshika breki. Kutoka kwao ishara huteremka kwenye vituo vidogo vilivyofichika ndani, halafu hupanda hadi thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachogawa habari kwa gamba la ubongo mkubwa. Tena huvuka njiani: upande wa kulia wa ubongo mdogo huzungumza na upande wa kushoto wa ubongo mkubwa.

Kifafa nacho ni jambo la maunganisho hayo hayo. Seli za neva huzungumza kwa umeme mdogo sana, kila moja kwa zamu yake. Kundi likianza kufyatuka kwa pamoja, na majirani wakaitikia, ndipo mtu huanguka na kukakamaa, au hukodoa macho tu kwa sekunde chache asisikie anapoitwa. Zamani ilidhaniwa shida yote ni kovu la mahali pamoja. Siku hizi madaktari wanakieleza kifafa kuwa ni ugonjwa wa mtandao. Cheche ikidondoka sakafuni ikazimika, hakuna aliyeungua. Nyumba huungua pale mkeka, pazia na makuti vinapopokezana.

Ubongo mdogo kwa miaka mingi ulichukuliwa kama mtazamaji katika jambo hili, kwa sababu ni nadra sana kifafa kuanzia hapo. Mmoja aliyewaza tofauti ni daktari wa upasuaji wa New York, Irving Cooper, miaka ya 1970. Alijiuliza: ikiwa huu ndio wenye breki, kwa nini tusiikanyage? Akawawekea wagonjwa vyuma vidogo vya kupitisha umeme juu ya ubongo mdogo. Ripoti za mwanzo zilifurahisha. Wengine walipojaribu kwa utaratibu mkali, mashine ikiwashwa na kuzimwa bila mgonjwa kujua, faida haikuonekana kama ilivyotangazwa, na shauku ikapoa. Mwaka 2014 wazo lile lilirudi kwa njia nyengine. Watafiti wa California walitumia mwanga kuziamsha au kuzituliza seli za ubongo mdogo wa panya mara tu kifafa kilipoanza mbali, ubavuni mwa ubongo mkubwa, na kifafa kile kikafupika. Mwaka uliofuata wenzao wa Rotterdam, Uholanzi, waliamsha vile vituo vya ndani vya ubongo mdogo, pia kwa panya, wakaweza kukikata kifafa cha kukodoa macho. Panya si binadamu, na hatutaki mtu atoke hapa akaulizie tiba ya mwanga kliniki. Tunachochukua ni kwamba kisogo na kifafa vina njia baina yao, na njia hiyo inapitika pande zote mbili.

Upande wa pili wa njia ndio unaowahusu biharusi wetu. Mwaka 2024 kundi la kimataifa la watafiti liitwalo ENIGMA lilichapisha vipimo vya picha za MRI za watu wazima zaidi ya 1,600 wenye kifafa, wakilinganishwa na wengine zaidi ya 1,000 wasio nacho. Kwa wastani, ubongo mdogo wa wenye kifafa ulikuwa umesinyaa, na walioishi na ugonjwa miaka mingi zaidi ulikuwa umesinyaa zaidi. Sehemu ya kupungua huko ilihusiana na dawa moja: fenitoini.

Hapa hatupiti haraka, kwa sababu dawa hiyo imo katika mikoba ya dada zetu wengi. Ni ya zamani, ni rahisi, na imeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Lakini ina tabia yake. Ini huisafisha mpaka kiwango fulani, baada ya hapo haliwezi tena kwenda sambamba. Fikiria pipa la maji uani. Unamimina ndoo baada ya ndoo, maji yanapanda taratibu, huoni tatizo. Likishajaa, kikombe kimoja tu kinamwagika chote. Ndivyo ilivyo fenitoini: nyongeza ndogo ya dozi kwa mtu aliyekaribia ukomo wake inaweza kuipandisha sana damuni. Na kiungo kinacholalamika mapema ni ubongo mdogo. Macho yanachezacheza yanapotazama pembeni, ulimi unakuwa mzito, miguu inatanuka ili kutafuta mizani. Huyo ndiye biharusi tuliyesema kalewa.

Dozi ikirekebishwa mapema, dalili hizi kwa kawaida huondoka. Zikiachwa miaka, seli za Purkinje zinaweza kufa, na kuyumba kukabaki. Kwa hiyo mama anayemwona binti yake anagonga milango na kumwaga chai, akamkimbiza kwanza kwenye kupungwa, anapoteza wakati ambao haurudi. Hatusemi msimsomee. Kisomo ni ibada, na Qur-an ni shifaa. Msomeeni usiku, asubuhi mpelekeni kwa daktari, na mkifika mtaje dawa anayokula, vidonge vingapi, na tangu lini alianza kuyumba. Ombeni kiwango cha dawa kipimwe damuni ikiwa kipimo kipo. Kikiwa hakipo, daktari akimtembeza kwenye mstari na kumtazama macho atapata mengi.

Kuna jambo jengine kuhusu fenitoini ambalo wanaume hawalizungumzi kwa sababu hawalijui. Inaweza kuvimbisha ufizi mpaka ukafunika sehemu ya meno, na inaweza kuotesha nywele usoni na mikononi. Mwambie hivyo msichana wa miaka 22 anayepigwa singo kila jioni, anayejua kuwa picha zake zitazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Wengi huiacha kimya kimya wiki mbili kabla ya harusi, wanavyoacha wali ili gauni liwatoshe. Na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine kimoja kikifuata chengine bila mtu kuzinduka katikati, na hali hiyo inaua. Ukiona uso wako unabadilika una haki kabisa ya kuulizia dawa nyengine. Hubadilishwa taratibu, kwa wiki kadhaa, moja ikiingia huku nyengine ikitoka. Basi anza kuuliza miezi kabla ya kadi kuchapishwa.

Juu ya hayo ongeza mila zetu wenyewe. Kesha la hina, kesha la ngoma, asubuhi kuamshwa kupambwa, mchana kutwa bila chakula kwa sababu tumbo limejaa khofu, usiku tena ukumbini. Kukosa usingizi ni kichocheo cha kifafa kinachojulikana sana. Tunazipenda harusi zetu na hatuombi zifutwe. Lakini somo, ambaye anamfundisha mwari kila kitu mpaka namna ya kukunja shuka, hashindwi kusema: huyu atalala saa nne usiku, anayetaka kucheza acheze, yeye tutamwamsha akiwa tayari. Na vidonge viingie kwenye begi la fungate pamoja na udi na asumini, kwa hesabu ya siku zote.

Sasa turudi kwenye swali la chumbani. Wanaotaka kunyamaza wana sababu zao, na hatuwacheki. Wanajua posa inaweza kuvunjika. Wanajua bado wapo wanaoamini kifafa huambukiza kwa mapovu, kwamba sahani ya mgonjwa itengwe. Neno lenyewe lina kufa ndani yake, na mtu akishalitamka mbele ya mawifi haliokoteki. Hata dawa zake kwetu zimezoeleka kutolewa pamoja na za wagonjwa wa akili, na binti anayeonekana kwenye foleni ile ameshapewa jina. Huko Mahenge, bara, daktari Louise Jilek-Aall aliyeanza kliniki ya kifafa miaka ya 1960 aliwakuta watu walioungua motoni na kuzama mitoni, wametengwa hata na ndugu. Khofu ya kutengwa si ya kubuni.

Lakini angalieni ukimya unamfanya nini biharusi. Hawezi kumeza kidonge mbele ya mume, basi anakiruka. Hawezi kusema amechoka, basi anakesha. Akishika mimba hawezi kumuuliza daktari mbele ya mkwe aliyemsindikiza. Na siku akianguka jikoni, mume anayeona kwa mara ya kwanza hajui afanye nini, na kinachomkera baadaye si ugonjwa bali kule kufichwa. Mwanamume aliyeambiwa kabla, akauliza, akaridhia, ndiye atakayemkumbusha dawa. Asiyeridhia na aende kwa salama. Afadhali mlango ufungwe kwenye posa kuliko kwenye talaka. Wala msimwoze mkitumai ndoa itamponya. Ndoa haikuwekwa kutibu umeme wa ubongo.

Na upande wa bwana harusi nao tunawaambia: kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Kwa sehemu kubwa mtoto wa mama mwenye kifafa hazaliwi kukipata. Wengi huanza kwa ajali ya kichwa, kwa kuzaliwa kwa shida, kwa homa kali ya utotoni. Utafiti wa miaka mingi wa Kilifi, pwani ya Kenya, umeonyesha kuwa watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani hubaki na hatari zaidi ya kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wana ugonjwa huu, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Huyo mnayemkataa anaweza kuwa mmoja wao.

Dada unayeolewa, kuna dawa moja unayopaswa kuijua kwa jina kabla ya nikaha: valproeti, ambayo wengi wanaijua kama Epilim. Ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, na watoto 30 hadi 40 katika kila 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Ukiwa unaitumia usiiache leo kwa khofu; nenda kwa daktari, mwambie unaolewa, muulize unaweza kubadilishiwa nini. Muulize pia kuhusu vidonge vya foliki asidi kabla hujashika mimba. Na ujue kwamba fenitoini, kabamazepini na fenobabito hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na hata kijiti, kwa hiyo usipange kwa kukisia. Wanawake wengi mno wenye kifafa huzaa watoto wazima. Hili lisemwe kwa sauti, maana mkwe akilisikia pekee yake atalala usingizi.

Kuna mwanamke mmoja tungependa kila mwari ahadithiwe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha mwanafunzi wake Ataa mwanamke mweusi, akamwambia huyo ni katika watu wa Peponi. Alikuwa amemwendea Mtume (s.a.w.), akamweleza kuwa huanguka kifafa na mwili wake hufunuka, akataka aombewe. Mtume akampa hiari baina ya kusubiri, na malipo yake ni Pepo, na kuombewa apone. Akachagua kusubiri. Ila aliomba dua kwa jambo moja, asifunuke, na akaombewa.

Hakufukuzwa, wala hakuambiwa ni najisi. Na subira ile aliichagua mwenyewe. Haimpi mtu ruhusa ya kumnyima binti yake dawa kwa jina la subira, na hali dini yetu inatuhimiza kujitibu. Lakini tunachokishika zaidi ni kile alichokiomba. Aliweza kuvumilia maradhi, aibu ya kufunuka hakuiweza. Kila mwanamke aliyewahi kuzinduka chini akakuta watu wamemzunguka na gauni limepanda analijua hilo bila kufafanuliwa.

Basi wapambe na mawifi mlio ukumbini, kazi yenu siku hiyo, ikitokea, ni hii. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko mdomoni, wala kitunguu puani, wala maji. Ondoeni viti vilivyo karibu, legezeni mkufu na ushungi unaombana shingoni, wekeni kitu laini chini ya kichwa. Mtetemeko ukipungua mlazeni ubavu ili mate yatoke. Tazameni saa: zikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajazinduka, leteni gari. Aliyeshika simu aizime kamera. Na mmoja wenu, kabla ya yote hayo, avue kanga aliyojitanda amfunike miguu.